Afrika iliposusa Kombe la Dunia ili ipate kiti chake

JULAI 23, 1966. Uwanja wa Goodison Park, Liverpool. Ni robo fainali ya Kombe la Dunia na dakika 25 tu zimechezwa. Ubao unasoma Korea Kaskazini 3, Ureno 0.

Jukwaani watu hawaamini wanachokiona. Hawa Wakorea ndio walioitoa Italia siku nne tu zilizopita kwa bao la Pak Doo-ik, na sasa wanaelekea nusu fainali.

Ndipo jamaa mmoja wa Ureno mwenye jezi namba 13 alipoamua kuichukua mechi iwe yake. Akafunga la kwanza. Akafunga la pili kwa penalti kabla ya mapumziko. Kipindi cha pili akatupia la tatu, akaangushwa kwenye boksi, akainuka na kuweka penalti nyingine kambani. José Augusto akamalizia la tano. Mechi ikaisha 5-3.

Jamaa huyo ni Eusébio, aliyemaliza fainali zile akiwa mfungaji bora na mabao yake tisa.

Mpaka hapo ni stori ambayo mashabiki wengi wa soka wanaijua. Isiyosimuliwa sana ni hii: Eusébio alizaliwa Lourenço Marques, mji ambao leo unaitwa Maputo. Nahodha wake, Mário Coluna, naye alizaliwa Msumbiji. Mabeki Hilário na Vicente, vilevile. Wakati Eusébio akishangiliwa pale Liverpool, Msumbiji ilikuwa bado koloni la Ureno, na wapiganaji wa Frelimo, chama kilichoasisiwa Dar es Salaam mwaka 1962, walikuwa msituni wakipambana na jeshi la Ureno hiyohiyo.

Ndiyo kusema, Waafrika walikuwepo England mwaka 1966, ila walivaa jezi ya mtawala wao. Timu ya taifa lolote la Afrika haikuwepo hata moja. Na haikuwa kwa sababu zilifungwa kwenye mchujo. Ziligoma kucheza.

HESABU ILIYOWACHEFUA

Fainali za 1966 zilikuwa na timu 16. Mwaka 1964 FIFA ikatangaza mgawanyo wa nafasi. Ulaya ilipata 10 ukiihesabu England mwenyeji. Amerika Kusini ikapata nne ukiihesabu Brazil, bingwa mtetezi. Amerika ya Kaskazini, ya Kati na Karibiani ikapewa moja.

Hapo zimeshakwenda 15. Iliyobaki moja ikatupwa katikati ya mabara matatu: Afrika, Asia na Oceania, wagombanie wenyewe. Timu ya Afrika ingeshinda mchujo wote wa bara lake na bado isingekuwa imefuzu. Ingetakiwa tena ikutane na mbabe wa upande wa Asia, ndipo apatikane mmoja wa kwenda England.

Nchi 15 za Afrika zilikuwa zimejiandikisha kushiriki mchujo huo. Zilikuwemo Ghana, Nigeria, Misri (wakati huo ikiitwa Jamhuri ya Muungano wa Kiarabu), Algeria, Morocco, Tunisia, Senegal, Guinea, Mali, Cameroon, Sudan na Ethiopia. Nyingi zilikuwa zimepata uhuru miaka michache tu iliyopita. Bendera mpya, wimbo mpya wa taifa, timu mpya ya taifa. Halafu zinaambiwa zote kwa pamoja hazina thamani ya kiti kimoja kamili.

Hoja ya waliotetea mgawanyo ule ilikuwa kiwango. Eti soka la Afrika bado changa, kiti ni cha kustahili, si cha kupewa.

Lakini kiwango kinapimwaje kwa timu ambayo hairuhusiwi kuingia uwanjani? Mpaka wakati huo timu pekee ya Afrika iliyowahi kucheza fainali ilikuwa Misri, mwaka 1934, ikacheza mechi moja tu, ikafungwa 4-2 na Hungary na kurudi nyumbani. Mwaka 1961 Morocco ilimaliza kazi Afrika, ikalazimishwa kucheza na Hispania ili ifuzu. Ikafungwa 1-0 nyumbani na 3-2 ugenini. Tofauti ya bao moja moja, lakini njia ikafungwa.

Ghana ndiyo iliyokuwa moto zaidi. Mwaka 1962 Real Madrid ilitua Accra ikabanwa sare ya 3-3 na Black Stars. Mwaka 1963 Ghana ikatwaa ubingwa wa Afrika, na 1965 ikautetea. Timu ya namna hiyo ndiyo iliyoambiwa isubiri.

DJAN APIGA TELEGRAMU

Aliyekataa kusubiri ni Ohene Djan, mkuu wa michezo wa Ghana, ambaye pia alikuwa mjumbe wa kamati ya utendaji ya FIFA. Nyuma yake alikuwepo Rais Kwame Nkrumah, ambaye kwake soka lilikuwa sehemu ya siasa za ukombozi. Djan alituma telegramu FIFA akilalamika kwamba si haki nchi za Afrika na Asia zipitishwe kwenye mchujo mrefu, wenye gharama na machungu, kwa ajili ya nafasi moja. Alichodai hakikuwa kikubwa. Alisema kwa uchache kabisa Afrika ipewe kiti chake kimoja.

Sambamba naye alisimama Yidnekatchew Tessema wa Ethiopia, mmoja wa vigogo wa Shirikisho la Soka Afrika (CAF), ambaye baadaye aliliongoza kuanzia 1972 hadi alipofariki 1987.

Kulikuwa na kidonda cha pili: Afrika Kusini. CAF ilianzishwa mwaka 1957 na nchi nne, Misri, Sudan, Ethiopia na Afrika Kusini. Makaburu wakaondolewa mapema kwa sababu hawakukubali kupeleka timu yenye wachezaji wa rangi zote. Lakini mwaka 1963 FIFA, chini ya rais wake Muingereza Sir Stanley Rous, iliwafungulia mlango tena. Chama cha soka cha huko kikaja na wazo la ajabu: kingepeleka timu ya wazungu watupu kwenye fainali za 1966, kisha ya weusi watupu 1970. Kwenye mchujo wakapangwa upande wa Asia, mbali na Waafrika wenzao.

Afrika ikapiga kelele. Mwaka huohuo wa 1964 Afrika Kusini ikasimamishwa tena. Hilo likawa goli la kwanza. La kiti, FIFA haikusogea.

CAF ikatoa msimamo: hakuna kiti, hakuna mechi. Nchi zote 15 zikajitoa. FIFA nayo ikajibu kwa kuzipiga faini ya faranga 5,000 za Uswisi. Yaani ulinyimwa nafasi, ukagoma, ukatozwa na hela.

MKISUSA, WENZENU WALA

Waswahili wana msemo wao, ukisusa wenzio wala. Ndivyo ilivyokuwa. Korea Kusini nayo ilijitoa, Afrika Kusini imesimamishwa, Afrika nzima haipo. Zikabaki timu mbili tu kwenye kundi la mabara matatu: Korea Kaskazini na Australia. Zikakutana mara mbili huko Phnom Penh, Cambodia, Novemba 1965. Wakorea wakashinda 6-1 na 3-1, wakakata tiketi ya England.

Kwa hiyo rudi Goodison Park uitazame upya mechi ile. Upande mmoja, timu iliyokaa kwenye kiti ambacho Afrika ilikataa kukigombania. Upande wa pili, kijana wa Maputo anaifunga mabao manne kwa faida ya Ureno.

Waliolipa gharama kubwa ni wachezaji. Mgomo unaamuliwa na viongozi ofisini, lakini miguu inayozeeka ni ya mchezaji. Kizazi kile cha Ghana, mabingwa wa Afrika mara mbili mfululizo, hakikucheza Kombe la Dunia kamwe. Nkrumah mwenyewe alipinduliwa Februari 1966, miezi mitano kabla ya fainali. Black Stars wakaja kuliona Kombe la Dunia mwaka 2006, miaka 40 baadaye, wakiwa na watoto ambao hata hawakuwa wamezaliwa wakati wa mgomo.

Hata hivyo mgomo ulifanya kazi. Miaka miwili baada ya fainali za England, FIFA ilikubali kwa kauli moja kuipa Afrika nafasi yake kamili. Mwaka 1970 Morocco wakaenda Mexico kuikalia. Mechi ya kwanza walitangulia kwa bao dhidi ya Ujerumani Magharibi kabla ya kufungwa 2-1. Wakafungwa 3-0 na Peru, wakatoka sare ya 1-1 na Bulgaria. Pointi ya kwanza ya Afrika katika historia ya Kombe la Dunia ikapatikana.

VITI MAALUMU

Kwa lugha ya bungeni, walichodai kina Djan ni viti maalumu. Na maneno wanayorushiwa wabunge wa viti maalumu ndiyo yaleyale yaliyorushwa kwa Afrika: hao wamepewa, hawakushinda.

Tatizo la maneno hayo ni kwamba mwaka 1966 kila mtu alikuwa na viti maalumu. Ulaya ilitengewa vyake kabla mpira haujachezwa. Amerika Kusini ilitengewa vyake. England na Brazil hazikucheza hata mechi moja ya kufuzu. Vya hao viliitwa utaratibu. Afrika ilipoomba kimoja tu, ndipo likatokea neno upendeleo.

Mwaka 1974 wapinzani wakadhani wamepata ushahidi. Zaire, mabingwa wa Afrika, walikwenda Ujerumani Magharibi wakapigwa 2-0 na Scotland, 9-0 na Yugoslavia, 3-0 na Brazil. Tisa bila! Kichapo hicho kilitumika kwa miaka mingi kama kicheko. Pia ile picha ya beki Mwepu Ilunga, mtu wa TP Mazembe ya Lubumbashi, akichomoka ukutani na kuupiga mbali mpira wa adhabu wa Brazil kabla wenyewe hawajaupiga. Dunia ikasema, jamaa hawa hata sheria hawazijui.

Mwepu alikuja kueleza mwenyewe baadaye. Sheria alizijua vizuri. Wachezaji walikuwa wamegundua hawatalipwa, na kabla ya kucheza na Yugoslavia waligoma. Baada ya zile tisa, alisema, watu wa Rais Mobutu waliwatisha kwamba wakifungwa na Brazil zaidi ya mabao matatu, nyumbani wasirudi. Mpira ule aliupiga kwa hasira.

Na kama 9-0 ni sababu ya kunyang'anywa kiti, mbona wengine hawakunyang'anywa? Ujerumani Magharibi ilipigwa 8-3 na Hungary kwenye fainali za 1954, na mwaka huohuo ikabeba kombe. Brazil ilipigwa 7-1 nyumbani kwake mwaka 2014. Hakuna aliyesimama kusema Ulaya au Amerika Kusini wapunguziwe nafasi. Mkubwa akifungwa nyingi, amekuwa na siku mbaya. Mdogo akifungwa nyingi, hakustahili kuwepo.

KIMOJA MPAKA TISA

Mwaka huo wa 1974 ndio pia Sir Stanley Rous alipoangushwa kwenye uchaguzi wa FIFA na Mbrazil João Havelange, ambaye alizunguka Afrika akisaka kura kwa ahadi ya kuongeza timu kwenye fainali na kuwatenga makaburu. Havelange hakuwa malaika, na kura zile zilikuwa na hesabu zake. Lakini mwaka 1976 Afrika Kusini ilifukuzwa FIFA, na haikurudi mpaka 1992, ubaguzi wa kisheria ulipokuwa unavunjwa.

Uwanjani, majibu yalianza kuja. Mwaka 1978 Tunisia, ikiwa chini ya kocha mzawa Abdelmajid Chetali, ilitoka nyuma ikaichapa Mexico 3-1. Huo ndio ushindi wa kwanza wa Afrika kwenye Kombe la Dunia. Kisha ikambana bingwa mtetezi, Ujerumani Magharibi, kwa suluhu.

Fainali za 1982 zikawa na timu 24 na Afrika ikapata nafasi mbili. Algeria ikaifunga Ujerumani Magharibi 2-1. Cameroon ikatoka sare mechi zote tatu, ikiwemo dhidi ya Italia iliyokuja kuwa bingwa, ikatolewa bila kufungwa. Algeria nayo ilitolewa baada ya Ujerumani na Austria kucheza mechi ya mwisho kwa matokeo ya 1-0 yaliyowavusha wote wawili. Ni aibu ile iliyofanya mechi za mwisho za kundi zichezwe muda mmoja mpaka leo.

Baada ya hapo ngazi zinaonekana. Morocco wakaongoza kundi lenye England, Poland na Ureno mwaka 1986. Cameroon ya Roger Milla ikaifunga Argentina ya Maradona na kufika robo fainali 1990. Nafasi zikawa tatu 1994, tano 1998. Senegal wakafika robo fainali 2002, Ghana 2010. Mwaka 2022 Morocco wakaitoa Hispania, wakaitoa na Ureno, wakacheza nusu fainali.

Kwa fainali za 2026 zenye timu 48, Afrika imetengewa nafasi tisa za moja kwa moja na njia ya kuisaka ya kumi kupitia mchujo. Moja ya hizo tisa imechukuliwa na Cape Verde, nchi ya visiwa yenye watu wachache kuliko Manispaa ya Temeke peke yake.

TAIFA STARS NAYO NI SHAHIDI

Shabiki wa Tanzania hahitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Taifa Stars ilicheza fainali za Mataifa ya Afrika mwaka 1980 pale Lagos, halafu ikapotea kwa miaka 39. Ilirudi 2019, mwaka ambao CAF ilipanua mashindano kutoka timu 16 hadi 24.

Maneno yakawa yaleyale. Kwamba milango imefunguliwa kila mtu anaingia. Na Stars ikafungwa mechi zote tatu: 2-0 na Senegal, 3-2 na Kenya, 3-0 na Algeria. Waliosema hawastahili wakapata la kusema.

Fainali zilizofuata ilizofuzu, zilizochezwa Ivory Coast mwanzoni mwa 2024, Stars ilipata sare mbili, dhidi ya Zambia na DR Congo. Safari iliyofuata, Morocco, ikatoka sare na Uganda na Tunisia, na kwa mara ya kwanza katika historia ikavuka hatua ya makundi kabla ya kutolewa kwa bao 1-0 na wenyeji. Pointi sifuri, kisha mbili, kisha 16 bora. Hizo si hatua za timu ambayo ingejifunza ikiwa inaangalia kwenye televisheni.

Kwa wanawake hesabu ni hiyohiyo. Kombe la Dunia la kwanza la wanawake mwaka 1991 lilikuwa na timu moja tu ya Afrika, Nigeria. Mwaka 2023 zilikwenda nne, na tatu kati ya hizo, Nigeria, Afrika Kusini na Morocco, zikaingia 16 bora.

BENCHI NALO LINA KITI

Kuna kiti kingine ambacho mapambano yake bado yanaendelea, cha kocha. Mwaka 2010, Kombe la Dunia lilipochezwa kwenye ardhi ya Afrika, zilishiriki timu sita za bara hili. Ni Algeria peke yake iliyokuwa na kocha Mwafrika, Rabah Saâdane. Nyingine zote tano ziliongozwa na makocha wa kutoka Ulaya au Amerika Kusini. Hapo hakuna wa kumlaumu FIFA. Waliowabania makocha wa Kiafrika walikuwa viongozi wa soka wa Afrika wenyewe.

Mwaka 2022 nchini Qatar, timu zote tano za Afrika zilikuwa na makocha Waafrika: Aliou Cissé, Rigobert Song, Otto Addo, Jalel Kadri na Walid Regragui. Na Regragui, aliyepewa timu miezi mitatu tu kabla ya mashindano, ndiye aliyeipeleka Afrika nusu fainali kwa mara ya kwanza.

Kiti peke yake hakifungi mabao. Zaire walikuwa na kiti lakini posho zikaliwa, na mpaka leo kuna timu za Afrika zinazokwenda fainali huku wachezaji wakigombana na viongozi juu ya bonasi. Ligi mbovu na ubabaishaji wa viongozi havitibiwi na nafasi tisa wala kumi.

Hesabu yenyewe nayo haijaisha. CAF ina wanachama 54 na nafasi tisa. Ulaya ina wanachama 55 na nafasi 16. Wapo watakaosema Ulaya wanastahili kwa viwango vyao, na hoja hiyo inaweza kujadiliwa. Ila safari hii inajadiliwa na watu waliomo ndani ya chumba, wenye nusu fainali mfukoni.

Mwaka 2030 Kombe la Dunia litaandaliwa na nchi tatu kwa pamoja. Mbili ni Hispania, iliyoifungia Morocco njia mwaka 1961, na Ureno, ambayo Eusébio aliifungia mabao yake tisa. Ya tatu ni Morocco, wa kwanza kukalia kile kiti cha mwaka 1970.